Zamu ya Nyumba ya Festo

Mdogo wangu Festo,

Jumapili iliyopita walikuchezea mechi ya kumbukumbu pale Kibondo, na mimi dada yako nikakalishwa mbele kabisa, kwenye kiti kilichoazimwa kanisani, jirani na wakubwa wa wilaya. Timu yako ya Dar ilituma mwakilishi, kijana mtanashati, viatu vinang'aa mpaka nikamwonea huruma kwa vumbi letu. Akashika kipaza sauti, akasema marehemu Festo hakuwa winga tu, alikuwa mtu wa watu, mwenye moyo wa kutoa. Akataja jezi ulizoleta kijijini. Akataja mipira uliyogawa kambini kwa wakimbizi na picha uliyopiga na watoto. Watu wakapiga makofi, Mama akalia, na mimi nikajikuta nimekunja uso kama mtu aliyetafuna mchanga kwenye ugali.

Simlaumu yule kijana. Hakuna aliyemweleza. Lakini niliporudi nyumbani niliona nisikae kimya, na nimeamua barua hii niiandike wazi, asomaye asome, maana naona unaanza kugeuzwa mtu nisiyemfahamu, mtu wa kugawa vitu huku anacheka na kamera. Tena kuna jambo lingine limenishikisha kalamu. Wazee wa machela walikuja hapa nyumbani wakasema wanataka kutusamehe zamu zetu, sasa na siku zote. Wamesema kwa upendo, na mimi nimewakatalia. Nataka ujue kwa nini.

Wewe unayajua haya, lakini watu wa mjini watakaosoma hawayajui, kwa hiyo nivumilie. Kwetu Busunzu gari halimfuati kila mgonjwa. Mgonjwa hubebwa. Analazwa kwenye ingobyi, ile machela yetu ya kusukwa, inafungwa kwenye miti miwili mirefu, watu wanne wanaingia chini yake na wengine wanafuata nyuma wakisubiri kubadilishana. Kiongozi anaita nyumba: nyumba ya fulani, ingia! Ukiitwa unaingia chini ya mti hukohuko njiani, machela haisimami. Wanawake wanakuja nyuma na vikapu vya nguo na chakula. Hivyo hivyo, mlima kwa mlima, mpaka hospitalini Kibondo. Nyumba isiyotoa bega, siku ikiuguliwa inajijua yenyewe.

Baba alipofariki, nyumba yetu ikaanza kuitwa kwa jina lako, ingawa wewe ulikuwa mbali unakimbiza mpira. Baba mdogo akatubebea zamu mpaka mgongo ukamshinda. Baada ya hapo tukabaki wawili, Mama na mimi niliyerudi nyumbani baada ya ndoa kunishinda, na nyumba ikawa inaitwa haiitiki.

Unakumbuka ulivyokuja mapumziko yale ya kwanza baada ya kusajiliwa Dar? Ulishuka na traksuti ya buluu na begi kubwa kuliko wewe. Mzee Ntabaye, kiongozi wa machela, alikuja kukusalimia. "Mwakeye," akasema, anapiga makofi polepole, na wewe ukainama, ukapiga makofi, ukamjibu mwakeye yako yote bila kuruka hata neno, ukauliza habari za wake, za ng'ombe, za mahindi. Nilifurahi kuona Dar haikukuharibu. Halafu ukafungua begi. Seti nzima ya jezi, namba moja mpaka kumi na moja, za njano, mpya, bado zinanuka plastiki.

"Mzee, mimi siwezi kukaa huku," ukamwambia. "Hizi ndizo za nyumba yangu, kwa ajili ya machela."

Akazipokea kwa mikono miwili. Ee, Festo! Kuanzia siku ile wagonjwa wa Busunzu wakawa wanabebwa na timu ya mpira. Mzee Ntabaye mwenyewe akajichukulia namba moja ya kipa, ikamfika magotini. Watu wa Kibondo mjini walikuwa wakituona tunashuka wanauliza leo mnacheza na nani.

Haikupita muda ukiwa bado nyumbani, ikasikika sauti ng'ambo ya bonde, Bibi Kristina amezidiwa. Watu wakakusanyika asubuhi ile ile. Wewe ulikuwa umeegemea uzio, unawatazama wamevaa jezi zako, umejaa furaha. Mzee Ntabaye akaanza kuita. Nyumba ya huyu, nyumba ya yule. Halafu: "Nyumba ya Festo!" Kimya. Akaita tena. Akakutazama kidogo, akaita nyumba inayofuata, wakaondoka. Mama akaingia ndani na kufunga mlango.

Ukanigeukia umetoa macho. "Dada, si nimetoa jezi?"

"Jezi umetoa," nikakujibu. "Bega je?"

Kosa lile ulilifanya kwa moyo mweupe. Ulidhani zamu ni kitu cha kulipia, kama mjini mtu anavyomlipa mwingine amfagilie uwanja. Hawakukukatalia zawadi, ingekuwa matusi. Walizipokea kama zawadi, basi. Nilikuona unaelewa, umeinamisha uso kwa aibu, na kabla sijamaliza kujitwika kikapu cha Bibi Kristina ulikuwa umeshakimbia kuteremka bondeni.

Tuliwakuta kwenye daraja la magogo. Mzee Ntabaye akakuzuia kwa mkono. "Oya, mwana. Hiyo miguu ni ya taifa. Ukiteguka hapa watu wa redio tutawaambia nini?"

"Waambieni hao wa redio nilikuwa na zamu," ukasema, ukaingia.

Na ukaharibu! Ukaanza kukimbia kama uko mazoezini, mwenzako wa upande wa pili anavutwa tu, machela inayumba huku na huku, mpaka Bibi Kristina, mgonjwa hajiwezi, akapaza sauti kutoka ndani: "Yemwe, jamani! Mnanipeleka hospitali au mnanipeleka golini?" Tulicheka mpaka wabebaji wakakosa nguvu. Mzee Ntabaye hakucheka. Akatembea kando yako akakuambia, "Huku hakuna chenga, mwana. Hatua fupi. Sikiliza mwenzako anavyopumua, upumue naye." Ukatulia. Ukajifunza kutembea upya, wewe uliyeshangiliwa uwanja mzima kwa kukimbia. Tulipofika Kibondo bega lako la kulia lilikuwa limechubuka, na ulikuwa na furaha ambayo sijakuona nayo hata siku ulipofunga bao kwenye redio.

Tangu hapo, kila ligi ikisimama ulikuja. Wengine wa timu yako walikwenda kustarehe, na sina neno nao, mwili wa mchezaji unachoka. Wewe ulipanda treni mpaka Kigoma, ukadandia lori mpaka Kasulu, ukalala kwa yule mwenye duka rafiki yako, ukaja mpaka huku. Hukuwahi kuuliza kuna nini cha kula. Uliuliza zamu yetu imefika wapi.

Lakini kuna siku moja ambayo nataka iandikwe kuliko zote, nayo ni ya Ndayizeye. Wakati ule wakimbizi walikuwa wanamiminika kutoka Burundi, kambi zimejaa, na wengine wachache wakapata vibarua vya kulima huku vijijini. Ndayizeye alikuwa mmoja wao. Alikuwa na kibanda ng'ambo ya kijito, kwenye shamba la watu, yeye na mkewe. Mchana mmoja akaja mbio uwanjani kwa Mzee Ntabaye, hana hata shati, akapiga magoti mbele ya wanaume waliokuwa wanapukuchua mahindi.

"Bavandimwe, ndugu zangu, mke wangu. Mtoto amekataa kutoka. Tangu jana. Nisaidieni."

Wanaume wakatazamana. Unawajua, si watu wabaya. Mmoja akasema, "Huyu hayumo kwenye machela." Mwingine akasema tukimbeba huyu, kesho kambi nzima itakuwa mlangoni. Mzee Ntabaye akakuna kidevu. Wewe ulikuwa umekaa juu ya kinu, ukainuka.

"Hayumo, basi mwingizeni," ukasema.

"Leo leo?"

"Mkewe anajifungua leo leo."

"Mwana, huyu nyumba yake ipi? Anakaa kwenye kibanda cha watu."

"Ana bega," ukasema. "Mnaliona hilo hapo. Mpangeni na mimi."

Ungeweza kufanya rahisi, Festo. Ungetoa hela wamkodie baiskeli, au umwombee kama mtu maarufu, na kwa jina lako wangekubali, wangembeba kwa hisani. Hukutaka hisani. Ulisimama pale, jasho linakutoka, ukasubiri Mzee aseme. Na Mzee Ntabaye, nitamheshimu kwa hilo mpaka nife, akavuta pumzi akaita kwa sauti ile ile anayowaitia wote: "Nyumba ya Ndayizeye, ingia!"

Mlibeba wawili mbele, urefu mmoja, yeye analia njia nzima bila kupoteza hatua. Mimi nilikuwa nyuma na kikapu, namshika mkewe mkono kila machela ilipopungua mwendo. Tulifika. Mtoto alitoka mzima na mama yake mzima, na leo mtoto huyo ndiye anayetumalizia mapera yetu kabla hayajaiva.

Wakati wa kurudi nilikuuliza kwa nini uling'ang'ania aingizwe kwenye zamu, wakati kubebewa tu kungemtosha. Ukanijibu tukiwa tunatembea. "Dada, nikimpa shati atanishukuru mpaka achoke. Nikimpa zamu, hana haja ya kunishukuru." Halafu ukaniomba maji.

Kule Dar walikucheka. Ulinisimulia mwenyewe jinsi kocha alivyoliona bega siku ya mazoezi akadhani umepigana, na ulipomwambia ukweli wachezaji wenzako wakakupa jina la mpagazi. Viongozi walikasirika, wakasema miguu na mabega yote ni mali ya timu, wakakukalisha benchi mwezi mzima. Nilikuambia uache. Ukaniambia benchi lina kivuli.

Na ile picha ya kambini Nyarugusu, ambayo yule kijana aliitaja kwa mbwembwe, nilikuwepo. Timu yenu ilikuja Kasulu kucheza mechi ya kirafiki, viongozi wakaleta mipira. Watoto wa Kikongo wakawazunguka, "Balo! Papa, balo!" Mpiga picha akakuambia umkabidhi mtoto mpira, akasema haijatoka vizuri, urudie, urudie tena, mpaka mtoto mwenyewe akachoka kupokea kitu anachonyang'anywa. Ulivumilia. Walipomaliza wakapanda gari, wewe ukavua viatu ukaingia katikati ya wale watoto ukacheza, gari linapiga honi na wewe husikii. Hiyo hakuna aliyeipiga picha. Sisemi kugawa mipira ni kitu kibaya, mtoto asiye na mpira anaujua ubaya wake. Ila nisingependa wadogo zako wanaokua sasa wasajiliwe kwenye timu kubwa wakidhani wema wa mchezaji unaishia pale kamera inapozimwa.

Sasa nije kwenye lile linalonikaba. Uliugua malaria Dar, katikati ya msimu. Ulikuwa kwenye chumba chako cha kupanga, mji una magari mpaka watu hawana pa kuvukia, na hakuna aliyekuja. Timu ilidhani umechelewa mazoezi kwa jeuri. Jirani alidhani umesafiri. Mama mwenye nyumba ndiye aliyesukuma mlango, akahangaika kutafuta teksi peke yake, na mlipofika hospitali mwili ulikuwa umeshapoa. Nimelia kwa ajili ya mengi katika maisha haya, Festo, lakini hili sililii. Hili linanitia hasira. Wewe uliyebeba watu wasio wako kutoka mlima hadi mlima, hukuwa na mtu mmoja wa kukufikisha barabarani. Naamka nalo, nalima nalo.

Walikuleta kwa treni, na kutoka Kigoma kwa lori. Barabara inapoishia, machela ilikuwa inakusubiri. Hawakungoja kuambiwa. Mzee Ntabaye alikuwa amevaa ile namba moja, imepauka, na Ndayizeye alisimama mbele upande wake wa kushoto. Upande wako wa kulia walibadilishana wengi, hakuna aliyedumu nao. Walitembea hatua fupi. Mimi nilikuwa nyuma na kikapu, mahali pa wanawake, na kikapu kilikuwa kitupu kwa sababu hukuwa na haja ya nguo wala chakula.

Baada ya matanga wazee wakaja. Mwakeye zikaisha, Mama akawapa ugali na maharage, wakala. Ndipo Mzee Ntabaye akasema.

"Nyumba hii imebeba vya kutosha. Tumekaa, tumeamua. Haitaitwa tena kwenye zamu. Ikiugua itabebwa, kwa heshima ya Festo, hata ipite miaka mingapi."

Mama akaanza kushukuru. Nikamshika goti.

"Mzee, asante," nikasema. "Sitaki."

"Hutaki nini?"

"Kubebwa bila kubeba. Festo mlitaka kumsamehe kwa sababu ya miguu ya taifa, akakataa. Na mimi nakataa."

"Mwana, nyumba hii haina mwanaume."

"Ina bega."

Hapo wakaelewa ninachosema, na ukumbi ukachafuka. Mmoja akacheka, akadhani natania. Mmoja akasema mwanamke chini ya mti wa machela hajawahi kuonekana Busunzu wala Kakonko wala popote. Nikamwambia mimi nabeba kuni nzito kuliko mkewe, nashusha magunia ya maharage mnadani Kibondo, na Festo mwenyewe nilimbeba mgongoni mpaka akaanza shule, kwa hiyo asinieleze habari ya uzito. Mama akanikanyaga mguu. Mzee Ntabaye akakuna kidevu. Nilijua anachokiona. Akinikubali, kesho kila mjane atauliza, na mambo yaliyokaa mahali pake yatasogea. Akinikataa, sisi tutakuwa nyumba ya kuonyeshwa wageni, hapa ndipo alipotokea Festo, nyumba inayolishwa jina lako mpaka jina liishe. Hilo nisingelikubali hata kama ningebaki peke yangu kijiji kizima.

Ndipo Ndayizeye akainuka mlangoni alipokuwa amekaa. Alikuja akasimama kando yangu, bega kwa bega, jinsi wabebaji wanavyojipima kabla ya kuingia, akatazama bega langu, akatazama lake, akasogea kidogo.

"Ego," akasema, ndiyo ya kwao. "Tunalingana."

Mzee Ntabaye hakujibu siku ile. Waliaga wakaondoka. Kisha ikawa mechi ya Jumapili na yule kijana wa viatu, nikarudi nimenuna, nikaanza kukuandikia barua hii.

Nilikuwa nimefika hapo, Festo, zikaja habari kwamba mke wa Mzee Ntabaye tumbo limemshika, ni wa kupelekwa. Nikaacha kalamu juu ya meza. Nilikwenda kama mtu mwingine yeyote, nikasimama na wanaume, sikuchukua kikapu. Hakuna aliyenifukuza na hakuna aliyenikaribisha. Mzee alikuwa anaita nyumba, sauti inamkatika kwa sababu ni mkewe. Tukashuka bonde, tukavuka, tukaanza kupanda ule mlima wenye mawe ambao unawachosha wote. Wabebaji wa mbele walikuwa wameshalegea. Nikasikia anavuta pumzi ya kuita, nikajua ni zamu yetu inayofuata, na nikajua pia angeweza kuiruka bila mtu kushangaa.

"Nyumba ya Sesilia," akaita, "ingia!"

Si nyumba ya Festo. Nyumba ya Sesilia, jina langu mimi. Nitakuambia ukweli, liliniuma. Nilisikia jina lako linaondoka mlimani pale, mbele ya watu wote, na nusu yangu ilitaka kumwambia arudie alivyozoea. Lakini mti ulikuwa unanifikia na machela haisimami. Nikaingia. Ndayizeye alikuwa upande wa pili, namsikia anavyopumua, nikapumua naye. Mgonjwa akaguna, akauliza nani huyo mbele, mumewe akamjibu kwa mkato, "Ni mbebaji. Lala." Tukapanda mpaka juu.

Yuko hospitalini, wanasema atapona. Naandika kwa mkono wa kushoto sehemu hii, utaniwia radhi mwandiko, maana wa kulia hauinuki. Mama amenikanda kwa maji ya moto huku ananigombeza, na katikati ya kunigombeza akauliza kama bega langu limechubuka upande ule ule uliochubuka lako. Nikamwambia ndiyo. Akaendelea kukanda.

Wajane wawili wameshakuja kuniuliza. Nimewaambia waje tujipime urefu.

Pumzika, mdogo wangu. Ulikuwa umeshikilia nafasi kwa ajili ya nyumba yetu, umeishikilia vizuri, na sasa iachie. Wakiita, naitika mimi.

Dada yako,
Sesilia